Ziara ya Bagamoyo: mtoto mwenye sikoseli naye apande basi

Barua za ziara zimeanza kuingia majumbani. Ukiisoma moja umezisoma zote: Kidato cha Pili watakwenda Bagamoyo siku ya Jumamosi, basi litaondoka stendi ya Msamvu saa 10 alfajiri, mwanafunzi aje na maji na chakula cha mchana, mzazi asaini hapa chini na kulipa mchango kabla ya Ijumaa.

Kwa wazazi wengi swali ni mchango. Kwa mzazi mwenye mtoto wa sikoseli, ugonjwa unaoitwa pia seli mundu, swali ni lingine kabisa. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye genge la matunda jirani na stendi alinionyesha barua ya binti yake, bado haijasainiwa.

"Mwanangu, nikimwambia mwalimu ukweli, wataniambia abaki," alisema. "Nisipomwambia, akizidiwa huko njiani nitamjibu nini baba yake?"

Nilimuuliza binti mwenyewe anasemaje. "Analia tangu juzi. Anasema safari ya kwanza alibaki, hii ya pili habaki."

Leo nawaandikia wazazi wa aina hiyo, nao si wachache. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto 11,000 wanaozaliwa na sikoseli kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Katika shule kubwa ya sekondari hapa Morogoro ni vigumu kukosa hata mwanafunzi mmoja. Jibu langu kwao ni fupi: kama hali yake imetulia na kliniki haijamzuia, mtoto aende. Lakini asiende kwa siri.

Kinachomwangusha ni nini?

Damu ya mtoto mwenye sikoseli ina chembe nyekundu zinazoweza kubadilika umbo, kutoka duara laini na kuwa kama mundu. Zikibadilika zinakuwa ngumu, zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na maumivu makali yanaanza kwenye mifupa, mgongo, kifua au tumbo.

Mambo yanayozichochea yanajulikana: mwili kupungukiwa maji, baridi, joto kali, uchovu wa kupita kiasi, na maambukizi kama malaria. Sasa itazame siku ya ziara. Mtoto anaamka saa 9 usiku, anasimama stendi kwenye baridi ya Uluguru, anakaa saa nyingi kwenye kiti, anatembea juani, anapulizwa na upepo wa bahari akiwa amelowa, kisha anarudi usiku. Vichochezi vyote vimo ndani ya siku moja. Habari njema ni kwamba karibu kila kimoja kina dawa yake nyepesi, na nyingi kati ya hizo haziuzwi duka la dawa.

Maji, na ruhusa ya kuchimba dawa

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Sikoseli huharibu taratibu uwezo wa figo kubana maji. Ndiyo maana mtoto huyu anakojoa mara nyingi, na mkojo wake ni mwepesi hata kama hajanywa maji mengi. Si uzembe, wala si kutafuta sababu ya kutoka darasani.

Ndani ya basi hali hiyo inageuka mtego. Mtoto, hasa wa kike, anaona aibu kuomba dereva asimame "kuchimba dawa" mbele ya wenzake hamsini. Akiomba mara ya kwanza anachekwa. Mara ya pili haombi tena, na anachoamua ni kuacha kunywa maji. Anatoka Morogoro hadi Chalinze bila tone, Chalinze hadi Msata vivyo hivyo, halafu zinakuja kilomita 64 za barabara ya Msata hadi Bagamoyo. Anashuka garini saa 3 au saa 4 asubuhi mwili umekauka, na jua la Pwani ndiyo kwanza linapanda.

Kwa hiyo chupa ya maji peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji vitu viwili: maji, na mwalimu anayejua kwamba huyu akiomba kusimama, gari lisimame. Vituo vipangwe kabla. Chalinze kuna vyoo na wanafunzi wote watashuka, hivyo hakuna atakayeonekana wa pekee. Msata wasimame tena, hata dakika tano.

Kuhusu kiasi, mtoto wa sekondari apange kunywa kati ya lita mbili na tatu kwa siku nzima ya namna hii, kidogo kidogo tangu anapoamka. Kama kliniki imempa kiasi kingine, fuata cha kliniki. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu visihesabiwe.

Baridi ya alfajiri ni ya kweli

Sisi wa huku tumeizoea baridi inayoshuka mlimani, hasa Juni hadi Agosti, tunaona ni ya kawaida. Mtoto mwenye sikoseli haioni hivyo. Avae sweta, suruali au soksi ndefu, na abebe kanga au kikoi cha kujifunika miguu garini. Asikae dirishani kwenye upepo, wala chini ya kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja.

Kuna baridi nyingine inayosahaulika, nayo ni ya kurudi. Basi likifika Msamvu saa 2 au saa 3 usiku, wengi wanapandishwa bodaboda kwenda Kihonda, Mkundi au Mafisa. Mtoto amechoka, nguo zina jasho, na upepo unampiga kifuani. Sweta ya asubuhi ivaliwe tena kabla ya kushuka garini. Ukiweza, mfuate kwa bajaji.

Ndani ya Bagamoyo: nini kianze, nini kifuate

Wazazi wengi hawajui kwamba ratiba ya ziara inaweza kujadiliwa na mwalimu. Bagamoyo ni mji wa kutembea kwa miguu, na vivutio vyake haviko mahali pamoja. Ushauri wangu ni kufuata jua.

Asubuhi waanze Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Hapo kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya mji wa Waswahili ulioanza karne ya 13, karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Eneo ni wazi, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa yake. Pana pia mibuyu yenye kivuli na makumbusho madogo yenye vyombo vya udongo, vikiwemo vilivyotoka China. Mtoto asishindane kukimbia na wenzake, atembee kwa mwendo wake.

Jua likikaza, kuanzia saa 5 na nusu hivi, wahamie Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kuna njia ndefu yenye miembe mikubwa pande zote, kuna makumbusho ndani ya jengo, kuna mahali pa kukaa. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo pia wamisionari walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Chakula cha mchana kiliwe hapo kivulini, na wote wapumzike walau nusu saa.

Alasiri, jua likipungua, waende Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, na ufukweni. Mwalimu wa historia atawaeleza kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamia Dar es Salaam.

Wanafunzi wa Morogoro wana sababu ya pekee ya kuusikiliza mji huu, kwa kuwa misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita kwetu. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Simbamwene, mji uliokuwa hapa Morogoro, Aprili. Ilimchukua karibu mwezi mzima njia ambayo basi la shule linaimaliza asubuhi moja, na aliandika kwamba homa ilimshika alipofika huku. Waliobebeshwa mizigo walitembea hivyo hivyo, wengine kwa minyororo.

Bahari

Hapa ndipo walimu hupoteza udhibiti. Watoto wa bara wakiona bahari wanavua viatu kabla hujamaliza kusema "subirini". Kwa mtoto wa sikoseli hatari ni mbili: kuchoka kwa kuogelea, na mwili kupoa ghafla anapotoka majini na upepo kumpiga.

Namshauri mzazi akubaliane na mtoto nyumbani, si ufukweni. Miguu majini sawa, tena kwa muda mfupi. Kuogelea hapana. Akilowa, ajifute na kubadili nguo palepale, kwa hiyo begi liwe na taulo na nguo kavu. Na kwa watoto wote, wenye sikoseli na wasio nayo, asiyejua kuogelea asiingie maji yanayopita magoti, na mwalimu mmoja abaki amesimama anawahesabu.

Ufukweni kuna samaki, ngisi na pweza wa kukaanga, harufu yake inatosha kumtoa mtoto kwenye mstari. Kilichotoka kwenye mafuta ya moto saa hiyohiyo hakina neno. Kilichopoa na kupitiwa na nzi, pamoja na juisi yenye barafu isiyojulikana ilikotoka, waachane nacho. Kuhara kunamaliza maji mwilini haraka kuliko jua. Kwenye begi weka chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi. Vinakaa vizuri hadi mchana na havihitaji kupashwa moto.

Dawa za siku hiyo

Kama mtoto anatumia haidroksiyurea au asidi ya foliki, siku ya ziara si siku ya kuruka dozi. Anywe kwa saa yake, na kama saa hiyo itamkuta barabarani, dozi iwe kwenye begi. Abebe na paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini asipewe. Dawa nyingine za maumivu zisiongezwe bila kuuliza kliniki, kwa sababu baadhi yake si rafiki wa figo.

Malaria nayo isisahaulike. Wapo wanaosema mwenye sikoseli hapati malaria. Hiyo si kweli, na imegharimu maisha ya watoto. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kinga inapatikana kwa mtu aliyerithi jeni moja tu kutoka kwa mzazi mmoja, yaani mbebaji asiyeumwa. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na akawa mgonjwa, malaria inaweza kumpeleka vibaya sana. Apakwe dawa ya mbu kabla ya jioni. Akipata homa wiki moja au mbili baada ya safari, apimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kwamba alikwenda Pwani.

Namna ya kumwambia mwalimu

Hofu ya yule mama wa genge ni ya haki. Wapo walimu wanaoona njia salama ni kumfuta mtoto kwenye orodha. Mara nyingi wanafanya hivyo kwa sababu wanapewa neno "mgonjwa" bila maelekezo. Mpe mwalimu maelekezo. Ukiweza nenda mwenyewe, siku tatu au nne kabla. Ukishindwa, unaweza kunakili ujumbe huu na kuubadilisha:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mwanangu atakuja kwenye ziara ya Bagamoyo. Ana sikoseli na hali yake kwa sasa ni nzuri. Anahitaji mambo manne: kunywa maji kila mara, kuruhusiwa kwenda chooni anapoomba, kukaa mbali na upepo na baridi, na kupumzika akisema amechoka. Dawa zake na kadi ya kliniki zipo mfuko wa mbele wa begi. Akisema ana maumivu tafadhali mwamini, na unipigie. Naomba wenzake wasitangaziwe. Asante kwa kumlea."

Sentensi ya wasitangaziwe si ya mapambo. Kijana wa miaka 15 anaweza kuvumilia maumivu kuliko kuitwa "yule mgonjwa" mbele ya basi zima. Muulize achague rafiki mmoja tu anayemwamini, huyo ndiye ajue na akae naye kiti kimoja.

Karatasi yenye jina, aina ya damu kama inajulikana, dawa anazotumia na namba mbili za simu iwe mfukoni mwake. Kadi ya bima ya afya, kama anayo, iende naye.

Akianza kuumwa huko

Mwalimu afanye hivi kwa mpangilio: amtoe juani, ampe maji, ampe paracetamol, amfunike, na aweke kitambaa cha uvuguvugu panapouma. Barafu isiwekwe kabisa. Maumivu yakiwa makali, au yasipotulia ndani ya saa moja, aende hospitali.

Zipo dalili ambazo hazingoji hata hiyo saa moja:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi;
- maumivu ya kifua au kupumua kwa shida;
- udhaifu wa ghafla wa mkono au mguu, mdomo kwenda upande, au kushindwa kuongea;
- kupauka ghafla, au tumbo kuvimba upande wa kushoto;
- kwa mvulana, uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma. Wavulana huficha hili kwa aibu, kwa hiyo baba au mjomba azungumze naye kabla ya safari.

Hospitali ya wilaya ipo mjini Bagamoyo, na ukiwa njiani kati ya Chalinze na Msata ipo Hospitali ya Msoga. Mwalimu awe anazijua kabla gari halijaondoka Msamvu.

Kwa nini nasisitiza aende

Kuna wanaoniambia: Bagamoyo haikimbii, atakwenda akikua. Lakini mtoto huyu ameshaambiwa hivyo kuhusu michezo, kuhusu skauti, kuhusu kambi ya kanisani na kuhusu maulidi ya kijiji cha babu. Kila mara sababu ni nzuri. Zikikusanyika, anajifunza kwamba nyumbani wanamhesabu kama mtu wa kubaki.

Na Bagamoyo ina jambo linalomhusu yeye kuliko wenzake wote garini. Watu waliopitishwa kwenye pwani hii na kuvushwa bahari kwa nguvu waliondoka na lugha zao, ngoma zao na damu zao. Watafiti wa vinasaba wamekuta Oman aina za sikoseli zenye asili ya Afrika. Huko Marekani na visiwa vya Karibi, wengi wanaoishi na ugonjwa huu ni vizazi vya waliochukuliwa utumwani, hasa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati. Kwa hiyo ugonjwa ambao mtaani bado wapo wanaouita kurogwa, au laana ya ukoo wa mama, una historia inayoelezeka. Ulidumu kwetu kwa sababu mbebaji wake alipona malaria iliyowaua wengine, na unarithiwa kutoka kwa baba na mama kwa usawa. Mtoto akisimama pale ufukweni akaambiwa hivyo na mwalimu wake, amepata somo ambalo kliniki haina muda wa kumpa.

Basi likirudi, mwogeshe maji ya uvuguvugu, ale chakula cha moto, anywe maji, alale. Jumapili asipewe kazi nzito. Mwangalie kwa siku mbili tatu, kwa kuwa maumivu mengine huja baada ya uchovu kupita.

Na wewe uliyeshika barua mkononi, kabla hujasaini piga simu kliniki anakohudhuria na uulize kama tarehe hiyo ni sawa kwake. Kama alilazwa au kuongezewa damu hivi karibuni, subirini ziara nyingine na umweleze mtoto kwa nini. Kama kliniki imekubali, saini, kisha kamtafute mwalimu.

Wiki ijayo tutazungumzia mlo wa mtoto anayelala bweni.